Fundi Asiyekaa

Fundi wa pikipiki wa Nalufenya hajui kukaa. Anaongea na wateja huku anaizunguka pikipiki, anafuta vidole kwa kitambaa kichafu kuliko vidole vyenyewe, na ukimpa kiti anakikagua kama tairi la kuziba. Kikundi cha watu wanaoacha pombe alikiulizia kwa wiki nyingi, eti kwa ajili ya rafiki. Mke wake alisharudi kwao Busiu na watoto, na alisema haishi tena na mlevi. Mara mbili fundi alifika mlangoni pa kikundi akageuka. Jumamosi hii aliingia, spana mkononi.

"Nimekuja kuangalia jenereta," alisema.

"Hapa hatuna jenereta, bwana," alijibu Mama Akoth, muuza mitumba anayeongoza kikundi. "Tuna viti. Kaa."

Alikaa, akainuka. Akakaa tena, akainuka, macho mlangoni.

"Una siafu kwenye suruali?" aliuliza Mama Akoth.

"Ni hivi mlivyokaa," alisema, sauti imeshuka. "Mviringo, kama tumezunguka chungu cha malwa, ile pombe ya kunyonya kwa mirija. Mkono wangu unatafuta mrija."

Mzee wa upande wa pili aliutazama mkono wake mwenyewe, uliokuwa umekunjwa karibu na mdomo kama umeshika kitu, akaushusha polepole. Mama Akoth akavuta kiti chake, wengine wakafuata, wakajipanga mstari mmoja wakitazama ukuta kama watu wanaongoja kunyolewa. Fundi akakaa.