Tulivyopanda Olenguruone Kinyumenyume

Mwaka wa 2007 nilikuwa mwalimu Nakuru, tukikaa mtaa wa Section 58, na nilitamani sana fobaifo, gari la kuvutwa na magurudumu yote manne. Fundi wangu, mzee wa Kihindi mwenye kilemba, akanikatalia katakata.

"Mwalimu, kila siku unaendesha wapi?"

"Shuleni. Na Njoro mara mojamoja."

"Lami tupu! Hiyo itakunywia mafuta bure. Ya kuvutwa na magurudumu ya nyuma ni ya mtu wa mizigo. Ikiwa tupu kwa matope, inacheza densi. Chukua ndogo, ya kuvutwa mbele."

Nikachukua, ingawa kwa shingo upande.

Agosti tukaenda Olenguruone kumwonyesha mama mkwe mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa miezi mitatu. Shemeji yangu alitangulia na pikapu yake, ya kuvutwa nyuma, haina mzigo hata gunia moja. Mvua ikatukuta kwenye mlima wa mwisho. Tulimpata shemeji ameshateleza hadi mtaroni, amesimama pembeni akijicheka. Nami nilipojaribu, magurudumu ya mbele yalizunguka tu papo hapo, yakaturushia matope hadi kwenye kioo. Mke wangu akashuka na mtoto, akafungua mwavuli, akaanza kupanda kwa miguu.

Mama mmoja aliyekuwa akitoka kupeleka maziwa na punda wake akasimama kunitazama.

"Geuza gari!"

"Nirudi nyumbani, mathe?"

"Panda kinyumenyume! Daktari wa ng'ombe hupanda hivyo kila mvua. Uzito wote unalalia magurudumu yanayovuta."

Nilidhani ananichezea. Lakini nikageuza, nikatia rivasi, nikakunja shingo, nikakanyaga mafuta polepole. Gari likatambaa. Liliyumba mara mbili, likashika njia, na shemeji akawa anakimbia kando akipiga kelele, "Usiachilie! Usiachilie!" Nikampita mke wangu, naye alikuwa akicheka hadi mwavuli ukapinduka.

Hivyo ndivyo nilivyoingia ukweni, buti la gari likitangulia. Mama mkwe alikuwa amesimama langoni.

"Haki, mkwe anakuja kunisalimia kwa mgongo!"

Nilishuka nikiwa nimejaa aibu na furaha, nisijue nianze na ipi. Hakuwa na haja na maelezo yangu. Mke wangu alipofika, mama mkwe alimpokea mtoto, akamfunika na leso yake kavu, akaingia naye jikoni penye moto, akitwambia tuvue viatu kwanza.