Wimbo wa Gari Moshi Harusini

Mwanangu, nakumbuka siku moja niliyoivuruga harusi ya watu hapa Matrah, Omani, kwa wimbo mmoja tu. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza tumetoka Unguja, nna gitaa na kofia ya kikauboi. Nyimbo za kantri, za Kimarekani, nilizikariri kwenye santuri neno kwa neno, maana yake sijui hata nusu. Taarabu nikiiona ya wazee. Na siku ile nilitaka kujionyesha, kwa sababu baba wa bibi harusi alikuwa na binti mwengine, Zuwena, nami natafuta njia ya kumposa.

Nikaimba uani kwa wanaume, wanawake wako ndani nyuma ya pazia. Sauti nikaikatakata kooni kama jogoo anayejifunza kuwika. Watu wakanyamaza, nikadhani wamekolea.

Kumbe watu wetu harusini hawasikilizi sauti tu, wanasikiliza nani anapigwa kijembe. Bi Thuweiba, mama wa bwana harusi, akauliza kutoka ndani, "Huyu anasema nini?" Mzee Khalfan, aliyewahi kuwa karani na Kiingereza akikijua, akamtafsiria taratibu, mstari kwa mstari: "Anasema mume kamchoka mkewe. Kapanda gari moshi, karudi kwa yule wa mwanzo."

Na bwana harusi alikuwa kamwacha mke Unguja, kila mtu anajua.

"Kakutuma nani?" Bi Thuweiba akauliza. Nikasema sikutumwa, nimeupenda wimbo tu. Hakuna aliyeniamini. Bibi harusi akaanza kulia, baba yake akanigeuzia uso, nami nikajua Zuwena ndiyo basi tena. Niliona haya, mwanangu, haya ya kweli.

Kesho yake nikaenda kumuomba radhi Bi Thuweiba. Akaniambia, "Gitaa lako halina kosa. Kosa ni kuwaambia watu usilolijua. Nitungie maneno ya kheri, uyaimbe kwa sauti yako hiyo hiyo ya jogoo."

Nikatunga, nikaimba fungate ilipokwisha. Baba yake Zuwena alicheka mpaka akajifuta machozi. Baadaye nilipoposa akanikubalia kwa sharti moja: siku ya harusi yetu nisiimbe.

Basi mwanangu, imbeni mnavyopenda, za kwenu au za kigeni, sisi wazee tutazizoea. Ila ujue unasema nini, na nani kakaa mbele yako. Mwenyezi Mungu akujaalie sauti iliyo bora kuliko yangu, na kila nyumba utakamoimba uiache na furaha. Amin.