Nguzo ya Fundi Viatu

Sipendi kuharakishwa, na siku moja niliyokubali kuharakishwa nilifanya kosa lililonichukua miaka minne kulirekebisha.

Kazi yangu ni miti. Nimeajiriwa kama ofisa misitu hapa Mwanza, na kwa kuwa katikati ya mji msitu wenyewe haupo, kinachobaki ni kuamua mti upi wa barabarani ukatwe, upi upunguzwe matawi na upi upandwe. Wafanyabiashara wananiita Bibi Miti. Wakiniona nimesimama chini ya mti nikiangalia juu, wanaanza kuhamisha meza zao.

Kwenye barabara moja inayoshuka kuelekea ziwani palikuwa na mkuyu mkubwa. Korongo, wale wenye vipara na mifuko shingoni, walikuwa wakishinda soko la samaki la Mwaloni kule Kirumba wakigombania matumbo ya samaki, jioni wanakuja kulala juu yake. Asubuhi lami ilikuwa nyeupe kwa vinyesi. Wenye maduka walilalamika weee, kisha tawi moja likadondokea paa la kibanda, na mkubwa wangu akataka ripoti siku hiyohiyo. Kupima kama mti mkubwa umeoza ndani si kazi ya dakika tano. Unaugonga kwa nyundo kuuzunguka, unasikiliza, unatoboa hapa na pale. Mimi niligonga mara tatu, nikaandika kwamba moyo umeoza. Kalamu yangu ilikuwa imekauka, nikaazima kwa mtu aliyekuwa jirani, nikasaini nikiwa nimeegemeza karatasi gotini, nikaondoka.

Ulipokatwa nilikwenda kuangalia. Kisiki kilikuwa kizima hadi katikati, hakina hata tundu la mdudu. Niliona aibu, tena aibu ya mtu mzima, isiyo na pa kwenda. Pembeni ya kisiki alikaa fundi viatu, mzee wa Kisukuma aliyefanyia kazi chini ya mti ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa amejifunika kipande cha boksi kichwani na anashona soli juani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za kazi. Nikasema nzuri. Sikumwambia kwamba mti ule niliuua mimi. Nilijiapiza tu moyoni kwamba huyu mzee nitamrudishia kivuli chake, na siku nitakapomrudishia ndipo nitamwambia ni nani aliyekiondoa.

Nafasi ilikuja ulipoanza mradi wa kupendezesha katikati ya mji. Barabara ile ilikuwa iwekewe vitofali vya njia ya miguu, taa mpya, mabenchi na miti, na mimi nikaingizwa kwenye kamati kwa ajili ya hiyo miti. Nilipofika kwenye kikao cha kwanza nilikuta miti imeshachaguliwa. Kulikuwa na picha kubwa ukutani, na ndani yake barabara yetu ina miashoki pande zote mbili, imesimama wima kama mishumaa.

Nikasema miashoki haina kivuli. Mwenyekiti, mtu mpole sana, akanieleza kwamba lengo la mradi si kivuli, ni mandhari. Nikajibu kwamba mandhari ambayo mtu anaiangalia huku amekunja uso kwa jua ni hasara tupu. Watu wakacheka, picha ikabaki ukutani, na kikao kikaendelea na rangi ya mabenchi.

Mimi nikianza jambo sina dogo. Kikao cha pili nilikwenda mapema, nikamwomba mwenyekiti tutoke nje kidogo saa saba mchana. Karibu na pale kuna ofisi yenye safu ya miashoki iliyokomaa. Nikamwomba kila mjumbe achague mti wake, akae kivulini mwake dakika tano tu, halafu turudi tupitishe orodha yao bila mimi kufungua mdomo tena. Walidhani ni mzaha. Mwenyekiti alijibana kwenye shina hadi koti likashika vumbi, na kivuli kikamtosha bega moja. Mama mmoja mjumbe aliinua faili akaliweka kichwani. Dakika tano hazikufika.

Tuliporudi ndani ndipo tulipochagua miti kwelikweli. Mzambarau ulikataliwa kwa sababu matunda yake yangepaka zambarau mashati ya watu na magari yao, na hapo nilikubali. Mkrismasi niliukataa mwenyewe, maana mizizi yake inapita juujuu na ingeinua vile vitofali kabla mradi haujasahaulika. Mkuyu hakuna aliyethubutu kuutaja. Mwishowe nikaleta msambya, mti ambao kila mtu wa kanda hii anaufahamu kwa jina la kwao. Mizizi yake inakwenda chini, maua yake ya njano yangewafaa wapenda mandhari, na matawi yake membamba hayamfai korongo. Ukapita.

Nilikwenda kwa fundi viatu nimejaa furaha kama niliyeposwa. Nikamweleza. Alisikiliza, kisha akauliza kivuli kitachukua miaka mingapi. Nikasema sita, labda saba, ukitunzwa. Akakiweka chini kiatu alichokuwa ameshika.

"Bibi Miti," akasema, "mimi nina miaka sabini na mbili. Huo ni mti wa mtu mwingine."

Hakusema kwa ubaya. Alikiokota kiatu akaendelea. Nilirudi ofisini kwa miguu nikiwa na hasira na msambya, mti usio na kosa lolote.

Siku mashimo yalipoanza kuchimbwa mambo yakawa mabaya zaidi. Kila shimo lilikwenda vizuri mpaka lile la mbele ya fundi, pale kisiki kilipong'olewa. Mtaimbo ulishuka kiasi cha shubiri moja ukalia. Mwamba. Anayeishi Mwanza hashangai, mji wote umekaa juu ya mawe, lakini kwa nini hapo? Mhandisi wa mkandarasi, kijana mwenye adabu na haraka nyingi, akasema hapo mti hautawezekana, ataweka chungu cha zege chenye maua. Nikapiga magoti, nikafagia udongo kwa mikono. Mwamba ulikuwa na ufa mpana kuliko mkono wangu, na ndani ya ufa kulijaa mizizi iliyooza na udongo mweusi laini. Mkuyu wangu ulikuwa umeishi humo miaka yote hiyo.

Hapo nikamkumbuka mama yangu. Kwetu Kagera kuna mti wa jamii ya mkuyu tunaouita mutoma. Mama hakuwahi kuupanda kama mche. Alikata tawi zima, nene kama mguu wa mtoto na refu kumshinda yeye, akaliacha kivulini siku kadhaa utomvu ukauke, kisha akalisimika mgombani kama mtu anayesimika nguzo. Mvua ikinyesha, nguzo inachipua. Mwaka wa pili unakaa chini yake unamenya ndizi. Na mizizi yake inashika jiwe, haihitaji kubembelezwa.

Nikamwambia mhandisi shimo hilo aniachie mimi. Alitaka kujua mipaka, na alikuwa na haki. Tukaafikiana kwamba mti ni mmoja tu, mfereji uko ng'ambo ya barabara kwa hiyo mizizi haitaufikia, na kila mwaka nitaukata kichwa ubaki mfupi, kwa sababu korongo anataka kulala juu. Yeye akaongeza lake. Siku ya ukaguzi ikifika na hakuna jani, nguzo inang'olewa na chungu chake kinakaa.

Nilipata tawi Buzuruga, kwa mama mmoja wa kwetu mwenye mitoma uani. Nililipakia kwenye guta la magurudumu matatu, nikakaa nalo nyuma nikilishika, na watu njiani wakaniuliza nahamisha nini. Tukalisimika kwenye ufa, tukashindilia udongo na mawe madogo, kichwani nikalipaka kinyesi cha ng'ombe lisikauke. Fundi alitazama kazi yote huku akishona. Tulipomaliza akauliza, kwa upole mkubwa, umeme utaletwa lini.

Watu nao hawakunisaidia. Wiki ya kwanza nguzo ilibandikwa tangazo la chumba cha kupanga. Wiki ya pili bodaboda walianza kuegemezea pikipiki. Ofisini waliniuliza kama hiyo nguzo inamwagiliwa petroli au maji. Mimi nilikuwa nakwenda kila asubuhi kabla ya kazi, nakwangua gome kidogo kwa ukucha usawa wa kifua changu. Rangi ya kijani ilikuwepo. Lakini kijani si jani, na vuli ilikuwa imechelewa.

Asubuhi moja niliona tangazo limebanduliwa na waya umezungushwa kuzuia pikipiki. Nikainama kuangalia shina, nikakuta mikwaruzo mingine chini, mingi kuliko yangu, midogo, ya ncha kali. Ilikuwa usawa wa mtu aliyekaa. Nikageuka, fundi akauficha msharasi wake wa kutobolea ngozi chini ya aproni na kujifanya anatafuta gundi. Mchana wake nilipita tena kwa makusudi. Alikuwa amehamisha kigoda chake nyuma ya nguzo, na kile kivuli chembamba, upana wa kiganja, kilimpita usoni katikati. Nikapita kama sikumwona.

Siku ya ukaguzi ilifika bila jani. Mhandisi alikuja na vijana wawili na sururu. Nikamkwangulia gome, nikamwonyesha kijani. Akasema anaelewa, lakini karatasi yake ina sehemu ya mti na sehemu ya chungu, sehemu ya nguzo haina. Nikamwambia mvua imechelewa na si kosa la mti. Nikamwambia pia kwamba nimeshawahi kusaini mti mzima ufe kwa sababu mtu alikuwa na haraka, na sitarudia, kwa hiyo kama ni kung'oa waanze na mimi. Nikaegemea nguzo. Vijana wakatazamana. Fundi aliinuka taratibu, akachukua kigoda chake, akakiweka upande wa pili wa nguzo, akakaa na kuendelea kushona. Mhandisi alituangalia sote wawili, akaandika kitu, akasema atarudi baada ya wiki tatu.

Mvua ilinyesha siku ya tisa. Wiki ya pili vidole vyekundu vilitokeza kwenye gome, na mhandisi aliporudi vilikuwa vimefunguka kuwa majani. Aliyapiga picha kwa simu, akatushika mkono sote wawili.

Nilingoja hadi kiangazi cha mwaka uliofuata. Matawi yalikuwa yametanda kiasi cha kumtosha mtu mmoja na mteja wake. Nilikwenda mchana, nikavuta kigoda cha wateja, nikamwambia yote. Nilivyogonga mara tatu tu, nilivyoandika moyo umeoza, nilivyokuta kisiki kizima, na nilivyonyamaza. Alishona mpaka mwisho wa soli, akakata uzi kwa meno.

"Najua, mama. Ulisaini kwa kalamu yangu," akasema. "Na hukuirudisha."

Miaka minne nilikuwa nikimwamkia mzee huyu, na miaka minne aliniitikia marahaba na kuniuliza habari za kazi. Nilifungua mkoba nikaanza kutafuta kalamu, nikamwaga funguo na risiti chini. Akanizuia. Akasema niache, anayo nyingine inayoandika vizuri tu, ila nisogeze kigoda, jua linanipiga mgongoni.

Nikasogeza.