Kizibo cha Mama Redio

Ti!

Hivyo tu: kidonge cha chuma kugonga kitako cha bomba la kioo. Kwa miaka ishirini na mbili Mama Redio aliisikia sauti hiyo hata akikatakata vitunguu nyumbani. Mumewe alisema chuma kile kina bahati, maana kinamsikiliza sekunde chache tu kisha kinafika chini.

Kazi yake maabarani ilikuwa kupima mnato, yaani uzito wa kimiminika kutiririka. Anajaza bomba, anaachia kidonge, anabonyeza saa. Kwenye maji kidonge kilianguka kama mlevi ngazini. Lakini rafu ya juu ilikuwa na chumvi za ajabu, zisizojua kuganda, zimelala chupani majimaji bila tone la maji, nzito kuliko asali. Humo kidonge kilishuka kwa madaha kama bibi harusi. Ukitia kijiko kimoja cha spiriti, bibi harusi naye anageuka mlevi.

Jina la Redio alilipata kwa haki. Alikuwa akifungua chupa, anaweka mkono kiunoni, anaanza: shemeji kafanya hivi, mwenye nyumba kajibu vile. Chupa wazi, hadithi haina kituo.

Mwaka wake wa ishirini na mbili akaletwa mpimaji wa pili, mwanamume wa makamo ambaye salamu yake ilikuwa kuinua nyusi. Wakambandika jina la Kimya. Wakapewa chumvi ileile, kwenye joto lilelile. Kimya akapata sekunde tisini na mbili. Mama Redio, sabini na moja.

Daktari, mkuu wa maabara, akawatazama juu ya miwani. "Mmoja wenu ananipimia uongo. Ijumaa mnarudia. Atakayekosea anahamia stoo kuosha chupa."

"Stoo? Mimi?" Mama Redio akacheka mpaka koti likatikisika. "Daktari, nimeanza kupima wewe hujaota hata ndevu! Huyu saa yake imesinzia kama mwenyewe."

Ijumaa ilipofika, Mama Redio akawahi. Akafungua chupa, akamgeukia Kimya. "Kaka, unajua shemeji yangu jana kanifanyia nini?"

Hadithi haijamfikisha shemeji hata mlangoni, Kimya akainuka, akaokota kizibo, akaifunga chupa.

"Dada, inakunywa."

"Nini inakunywa?"

"Chumvi. Inanyonya unyevu wa hewa. Wewe unaongea, yenyewe inalowa. Ikilowa inakuwa nyepesi."

Mdomo wa Mama Redio ukabaki wazi kama chupa zake zote. Miaka ishirini na mbili! Talaka ya shemeji peke yake ilikuwa nusu saa.

Akachukua chupa mpya. Akafungua, akamimina, akaziba bomba, midomo kaikaza kama aliyebeba maji kinywani. Kidonge kikajivuta, kikajivuta.

Ti.

Tisini na mbili.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. "Haya. Nani alikosea?"

Mama Redio angeweza kuisingizia saa. Badala yake akalifungua daftari lake nene, akalisukuma mbele ya Daktari. "Mimi. Zangu zote za chumvi, zifute. Nitazipima upya, kama hunihamishii stoo."

Daktari akafunua kurasa, kimoyomoyo akihesabu miaka.

"Ulisema atakayekosea Ijumaa," Kimya akamwambia, na hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mbele ya mkubwa. "Leo hakuna aliyekosea. Yeye apime, mimi nitaziba."

Daktari akaguna, akaliacha daftari mezani, akaondoka bila kuitaja stoo.

Mama Redio akafuta macho kwa pindo la koti, akamwinamia Kimya sikioni.

"Kaka," akanong'ona, "mume wangu asijue kwamba naweza kunyamaza."