Joséphine anataka mboga za Agosti, mtoto asivuke mpaka

Jua halijachomoza Mibirizi, milimani magharibi mwa Rwanda, na Joséphine Ntabaza tayari anagombana na mboga zake. Ameinama juu ya kishamba cha jikoni, kile kichuguu cha udongo na mawe ambacho karibu kila nyumba ya huku inacho ubavuni mwa jiko. Anausemesha mche mmoja wa lengalenga, mchicha wa hapa, kama mtoto anayekataa kuamka.

"Jana ulikuwa hapa hapa. Leo tena uko hapa hapa. Unangoya nani?"

Anaunyooshea mkono, kisha anaurudisha haraka na kuuficha mgongoni. Mwaka jana angeshaung'oa aone kama mizizi imeshika, halafu kesho yake ashangae kwa nini umekufa. Ndivyo alivyoziua kabichi zake za kwanza, kwa mapenzi tu.

Mwandishi amepewa kiti, lakini mwenyeji mwenyewe hakai. Mahojiano haya yote yamefanyika kwa kumfuata: kishambani, jikoni, kwenye pipa la maji, kishambani tena.

"Miye siwezi kukaa," anasema. "Nikikaa naanza kufikiri, na nikifikiri moyo unapiga mbio. Afazali nitembee."

Kinachomkimbiza hivyo ni Clarisse, binti yake wa miaka sita, ambaye saa hii bado amelala ndani.

Kiangazi cha mwaka jana mumewe, Damascène, mpakiaji wa mifuko ya saruji kwenye tambarare ya Bugarama, aliumwa mgongo akawa wa kulala tu. Joséphine akabaki na kibarua chake cha kupandikiza mpunga kwenye tambarare hiyo hiyo, faranga elfu moja na mia tano kwa siku, pale siku zinapopatikana. Kishambani hapakuwa na hata jani moja la kutia chunguni. Akamvusha Clarisse mpaka, akampeleka Bukavu, upande wa Kongo, kwa bibi yake.

Ilikuwa iwe wiki chache, ikawa kiangazi kizima. Mvua zilipokaribia, mama akaenda kumchukua mwanawe.

"Alikuya mbele yangu, akanipa mukono, akasema, 'Bonjour, Madame,' sawa vile unasalimia mugeni. Miye! Mama yake!" Joséphine anajipiga kifuani. "Nilicheka, maana mama yangu alikuwa ananiangalia. Lakini iliniuma, Papa mwandishi. Mpaka leo inaniuma."

Waliporudi tu, kijiji kikakutana kwa ahadi. Huku familia husimama mbele ya majirani na kutamka itakachotimiza, na ahadi hiyo huitwa umuhigo. Mmoja aliahidi choo kipya, mwingine mbuzi. Joséphine alisimama watu hawajamaliza kuketi, akatangaza kwamba kiangazi kinachokuja kishamba chake kitakuwa na mboga mbichi, na mtoto wake hatalishwa ng'ambo tena.

"Watu walipiga makofi," anakumbuka Habumugisha, jirani anayekaa chini kidogo ya nyumba yake. "Na mimi nilipiga. Sikujua kwamba atakayelipa ni mimi."

Mikono ya Joséphine imefundwa na mpunga. Bugarama ardhi ni bapa, na kazi kubwa ya mtu ni kuzuia maji yasitoroke. Basi vuli ilipoanza, yeye akajiwekea lengo la kwanza: hata tone lisipotee. Akazungushia mboga zake kingo za udongo, akaziba kila upenyo, akapata jaruba safi kabisa la mpunga. Jaruba, mlimani! Majirani walipita wakatazama, wakaguna, wakaenda zao.

Kwa siku kadhaa kila kitu kilikuwa shwari na Joséphine akatembea kifua mbele. Kisha ikaja mvua moja kubwa ya alasiri, ukingo ukapasuka, na kabichi, samadi na tope vyote vikateremka hadi kwenye maharage ya Habumugisha.

"Nilifungua mlango nikakuta kabichi kizingitini," anasema jirani huyo. "Nikamwambia, 'Maman Clarisse, asante kwa mboga, lakini mbona hukuleta na chumvi?'"

Utani ulipoisha, hasira ikafuata, kwani maharage yale yalikuwa yameanza kutoa maua. Alimtaka Joséphine aurudishe udongo wake juu, na akili arudi nayo. Karai baada ya karai, mama huyo aliupandisha kichwani.

"Kule Bugarama maji ni mgeni, unamzuia alale," anasema Habumugisha, na sauti yake bado ina ukali. "Huku ni mpita njia. Msindikize aende."

Masika yalipokaribia, Joséphine alipunguza lengo: udongo usihame, basi. Alichimba mtaro wa kuyapitishia maji pembeni na kupanda matete kwenye kingo ili mizizi ishike ardhi. Mbegu za matete alipewa na Habumugisha, kwa sharti ambalo jirani alilitamka mbele ya mkutano mzima: Maman Clarisse aahidi kwamba hatang'oa tena mche kuuangalia miguu. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi.

"Ile njo ilikuwa ahadi nguvu kupita zote," anasema Joséphine. "Mukono wangu ulikuwa unawasha kabisa. Lakini nilisema mbele ya bantu. Ningefanya nini?"

Masika yakapita, udongo ukabaki mahali pake.

Sasa ni Julai, na lengo la tatu ndilo lenyewe: mboga mbichi mpaka kiangazi kiishe. Katikati ya mistari amelaza vipande vya migomba iliyopasuliwa vitunze unyevu, na juu yake ametandaza majani makavu. Maji ya kuoshea mchele na ya kumwogeshea mtoto yanaishia hapa. Hapandi tena zote kwa mkupuo: mstari mmoja unachumwa, wa pili unakua, wa tatu ndiyo kwanza unachungulia. Lakini huo wa tatu ni dhaifu, na yeye anajua. Agosti yote iko mbele, na mvua za kweli hazitarajiwi kabla ya Septemba.

Simu inaita. Ni mama yake, kutoka Bukavu. Kwa kuwa mikono ina udongo, Joséphine anaibonyeza kwa kidole kimoja na kuiacha iongee juu ya jiwe.

"Joséphine, kiangazi imeshafika. Nikuye Jumamosi kumuchukua mutoto?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii, Joséphine amesimama. Anaitazama mistari yake, anautazama mlango wa chumba alicholala Clarisse.

"Kuya, Mama," anasema mwishowe. "Lakini kuya kula. Mutoto hatoki."

"Utamulisha nini?"

"Lengalenga."

"Na ikiisha?"

"Iko ingine nyuma yake."

Upande wa pili unasikika mguno, kisha kicheko kidogo. "Haya. Nitabeba sambaza," anasema bibi, akimaanisha dagaa wa Ziwa Kivu.

Simu ikishakatika, Joséphine anafuta vidole kwenye kitenge. Anavifuta tena, na mara miguu inaanza safari zake upya. Septemba, anasema akiwa tayari kwenye pipa, ataahidi kishamba cha pili, na mti wa parachichi. Anataka kitu kimoja hapa nyumbani kisichomwomba maji kila asubuhi.

Mwandishi anamuuliza: je, Agosti ikimshinda?

Hageuki. Anamwagia maji ule mstari dhaifu, polepole kuliko mingine.

"Nitashuka kwa Mzee Habumugisha na sahani, nimuombe. Atanicheka, acha anicheke," anasema. "Kwa jirani mutoto anakula, halafu anarudi, analala kwangu."