Pongo Halengwi, Hulengwa Mahali

Mwanangu Eliya, kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku babu yako Nestori alipompiga pongo, yule swala wa vichakani, mahali pasipofaa. Nakusimulia sasa kwa sababu Jumamosi unakwenda milimani na wenzako wa kazini kuwinda hao swala wenye pembe za matawi ambao huku Australia mnawaita dia, na huo upinde wako wenye vigurudumu. Juzi uliponipeleka kwenye uwanja wenu wa shabaha niliona unapiga vizuri. Nikakwambia, ngoja nikueleze jambo. Ukanijibu, "No wariz, Bibi," yaani nisiwe na wasiwasi. Lakini mimi wariz ninazo, mjukuu wangu. Ule mfuko wa shabaha mnaoupiga hauna matumbo, wala haushtuki. Basi nimeandika kwa hii elimu yangu ya kanisani, na palipopinda mama yako atakunyooshea.

Tulikuwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, baada ya kukimbia Burundi. Msitu ulianzia pale mashamba yetu yalipoishia. Aliyewafundisha vijana wetu upinde alikuwa Mzee Kasanda, Mnyamwezi, mwenyeji wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Hakutia sumu kwenye mishale yake. Alisema sumu humfanya mwindaji awe mvivu wa macho. Na alikuwa na sharti: aliyemjeruhi mnyama hali kitu mpaka ampate, awe nyama au awe mifupa.

Nestori alikuwa amekubaliana na baba yangu, Simoni, kwamba atakuja kuniposa. Ng'ombe hakuwa nao, sote tulikuwa tumeacha kila kitu kule nyumbani. Akaahidi kuja na nyama ya porini, na mkono mtupu haulambwi. Siku ya kuwinda, mimi na dada yangu Spesi tuliwafuata na vikapu vya kubebea nyama. Tulikaa kwenye kichuguu, kimya.

Pongo akatoka kunywa maji. Dume, mgongo unang'aa. Alikuwa amesimama akimwelekea Nestori, kifua mbele, na Mzee alikuwa amemnong'oneza, "Mwache ageuke." Akaanza kugeuka kweli. Hapo babu yako, Mungu amrehemu, akatupa jicho kwenye kichuguu kuhakikisha kama namwona. Namwona! Nilikuwa namwona tangu mwezi uliopita. Kisha akaachia mshale kwa pupa. Pongo alisikia kamba ikilia, akajikunja, akaruka, na mshale ukapenya nyuma ya mbavu, ukatokea upande wa pili.

Mzee aliuokota, akaunusa. Ulikuwa na majimaji ya kijani.

"Tumboni," akasema. "Kaa chini. Tutamfuata kesho asubuhi."

"Mzee, fisi watamla!"

"Ukimfuata sasa utawapa fisi wewe mwenyewe. Akiachwa atalala karibu. Akifukuzwa atakimbia na maumivu yake mpaka usikojua."

Nestori alikaa kidogo. Mzee alipoteremka kunawa mtoni, kijana akachomoka kumfuata pongo. Tulisikia vichaka vikivunjika, maana pongo alikuwa amelala karibu tu, kama Mzee alivyosema. Akainuka, akavuka mto, akapotea. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Walimtafuta siku iliyofuata kutwa, na nyingine. Nestori hakula, midomo ilimpauka. Walipompata, fisi walikuwa wamebakiza pembe na ngozi chakavu. Mzee Kasanda hakupiga kelele. Alimwambia hivi, nami nilikuwepo na uji wa kufungulia mfungo wake:

"Ulimlenga pongo, kijana. Pongo halengwi, hulengwa mahali. Na jicho lako lilikuwa kwa msichana. Huyu mnyama ameteseka kwa ajili ya maringo yako. Sasa kunywa uji, chukua hizo pembe, nenda kwa mzee Simoni ukamwambie ilivyokuwa. Usipunguze."

Mwanangu, yule kijana alikuja kuniposa na pembe mbili. Wajomba zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mjomba Gervasi akauliza, "Hizi tuzichemshe au tuzichome?" Mimi nyuma ya mlango nilijua baba akikataa ndiyo basi. Nestori alisimama, akaeleza yote, hata lile la kutazama kichuguu. Halafu akasema, "Anayeleta aibu yake mlangoni kwa miguu yake, atamletea binti yangu ukweli." Tukala maharage. Yale maharage, Eliya! Natamani kijiko kimoja tu, na yeye ameketi pale ng'ambo ya sinia, haniangalii kwa haya. Yuko kule, kaburi lake lipo pembeni mwa msitu ule, na mimi niko huku, treni za Granville zikinipitia masikioni. Nani anamfyekea majani, sijui.

Sasa sikia. Dia akikuelekea kifua, usipige, mfupa utakula mshale. Akikupa makalio, usipige. Kichwa na shingo viache. Ngoja akupe ubavu, na bora zaidi akiwa ameanza kukupa mgongo kidogo, mguu wa mbele ameupeleka mbele. Hapo nyuma ya bega, chini ya katikati, chagua unywele mmoja. Ukiwa juu ya mti, fikiri mshale utatokea wapi upande wa pili. Akiwa ameshtuka masikio yamesimama, mwache, atajikunja kabla mshale haujafika. Ukishapiga, tazama mshale: damu yenye povu ni mapafu, hatakwenda mbali; majimaji ya kijani ni tumbo, kaa chini mpaka asubuhi, hata wenzako wakikucheka. Na hao wenzako, usiwaangalie kabla ya kuachia. Kama huna uhakika, rudi mikono mitupu. Bibi yako atapika maharage.

Mungu alitulize jicho lako na mkono wako, mwana wa mwanangu. Mnyama utakayempiga asijue kilichomfika. Na siku ukikosea, maana utakosea, Mungu akupe miguu ya kumfuata mpaka mwisho, na kinywa cha kusema ilivyokuwa, mbele ya mtu unayemtaka akuone mwema. Nenda salama, urudi salama. Amina.