Kadi ya Picha na Ndizi za Bibi

Juzi fundi alifungua kompyuta ya ofisini kwetu mbele yangu, na harufu ya vumbi lililopata moto ikanirudisha Kibosho, kwenye chumba cha kaka yangu Elia. Nilitoka nje nikazunguka maegesho mara mbili bila sababu. Mniwie radhi, mimi kutulia sijawahi kuweza, na nilipokuwa na miaka kumi na moja ndiyo kabisa.

Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, imetoka kwenye ofisi moja ya mjini Moshi. Tuliitumia kucheza mbio za magari. Shida ni kwamba kila tulipofika patamu ilizima yenyewe, nami nabaki nimeshika kipanya. Baba mdogo, dereva wa lori aliyekuwa akivuka mpaka wa Holili kwenda Nairobi, akaahidi kutuletea kifaa kipya cha kompyuta kwa kuwa tulifaulu mitihani. "Kimoja tu," alisema. "Mkinipa orodha, nawaletea madaftari."

Elia alitaka feni kubwa, maana boksi lilikuwa la moto ukiligusa. Mimi nilitaka kadi ya picha, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili mchezo uonekane vizuri. Kwenye video nilizoangalia kwa simu ya mama, wenye kadi magari yao yalionekana hadi matone ya mvua! Tulibishana tukikata majani ya ng'ombe, tukabishana kanisani hadi mama akatufinya. Mwishowe Elia alichoka na mdomo wangu.

"Haya, kadi. Ikizima tena usinililie."

Wakati huo wote Bibi alikuwa akiingia na kutoka. Mama alikuwa amehamia kwenye gesi, dari la jikoni, ambako moshi wa kuni ulikuwa ukiivisha ndizi, limepoa, kwa hiyo Bibi aliomba kuivishia ndizi zake za mbege, pombe yetu ya ndizi, chumbani kwa Elia. Kila mchana alikuja mara tatu, akainama nyuma ya meza, akaziminya, kisha akakaa pembeni mwa kitanda.

"Huyo anayekimbia ni nani? Wamemkosea nini?"

"Bibi, subiri," nilijibu bila kugeuka.

Kadi ikafika, Elia akaichomeka. Matone ya mvua niliyaona, naam, kwa dakika kumi. Kisha ikazima, mapema kuliko zamani. Nikaipiga meza teke. Ilisogea, na nyuma yake tukaona mkungu mzima uliofunikwa kwa majani makavu ya mgomba, umeegemea pale pale hewa ya moto inapotokea. Ndizi za upande wa kompyuta zilikuwa za njano, za ukutani bado kijani.

"Bibi! Kumbe ndizi zako ndizo zinazotuharibia!" nilipiga kelele, na siku hiyo hata shikamoo sikuwa nimempa.

Alikuja, akatazama. "Haya mama, naziondoa," akasema, akaubeba mkungu mwenyewe.

Kompyuta haikuzima tena. Tulicheza likizo nzima, nami nikaisifia kadi yangu kwa kila mtu. Bibi hakuingia tena chumbani. Alipita mlangoni, akachungulia kidogo, akaenda zake. Nasema ukweli, nilifurahi kwamba hakuna wa kuniuliza maswali.

Mwaka jana, Bibi akiwa ameshatutoka, tulikuwa tunaandaa harusi ya Elia. Tukimenya ndizi pamoja na mashangazi, nilimwambia mama kwamba Bibi angekuwepo tusingehangaika kutafuta wa kupika mbege.

Mama akacheka. "Bibi yenu aliacha kupika mbege tangu babu yenu alipofariki. Zile ndizi za chumbani kwa Elia alikuwa anampa ng'ombe."

"Sasa alikuwa anaziivisha za nini?"

Mama aliendelea kumenya. "Akirudi jikoni alikuwa ananihadithia mchezo wenu wote. Nani kaanguka, nani kapita. Wewe alikuwa anakuita dereva wangu."

Nililia pale pale, kisu mkononi, mbele ya mashangazi waliodhani ni furaha ya harusi. Mchezo ule nilimaliza hatua zake zote, na sikumwonyesha hata moja.